Hesabu za Mara: Kuzijua kwa Ghibu na Kuvitambua Vigawe

Leo twapenda kusema na walimu, wazee wa vijiji na wasomaji wote wa Ushetu juu ya jambo ambalo watu wazima wengi huliacha kwa watoto, nalo ni hesabu za mara. Husikika zikiimbwa madarasani asubuhi, mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita, na mzazi apitaye njiani hutabasamu akaenda zake, kana kwamba wimbo ule haumhusu. Lakini unamhusu sana, tena unahusu shamba lake na mfuko wake.

Na tuanze na shamba, maana nchi hii ni ya wakulima wa tumbaku, pamba, mahindi, mpunga na karanga. Kila mtu ajua kwamba ekari moja hupimwa hatua 70 kwa hatua 70. Saba mara saba ni arobaini na tisa. Basi sabini mara sabini ni 4,900, maana kila saba imeongezewa sifuri moja, na jibu likaongezewa mbili. Tukisema hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 91, eneo lile hukaribia sana mita za mraba 4,047, ndiyo ekari halali. Sasa tuseme mtu amekuja kukodi shamba, na mwenye shamba ampimia hatua 60 kwa 60, akisema, "Ndugu yangu, hatua kumi tu zimepungua, tusigombane." Mkodishaji huyo asema kweli kwamba zimepungua hatua kumi. Asilolisema ni kwamba sita mara sita ni thelathini na sita, kwa hiyo sitini mara sitini ni 3,600. Zimepotea 1,300 katika 4,900, yaani zaidi ya robo ya ekari.

Mambo yakiendelea hivyo katika ekari nne, hasara huonekana wazi. Mkulima amelipa fedha ya ekari nne, ambazo ni 19,600 kwa hesabu ya hatua, naye amepewa 14,400. Ekari tatu kamili zingekuwa 14,700. Basi amelipia nne na hakupata hata tatu. Wala hakuibiwa usiku. Amepimiwa mchana, mbele ya macho yake, na pengine akashukuru. Mwenye kulimisha kwa ng'ombe wa kukodi, alipaye kwa ekari, naye aangalie vivyo hivyo, kwa sababu hatua ya mtoto si hatua ya mzee, na hatua ya mtu mwenye tamaa ya fedha hufupika.

Yafaa basi tuone namna ya kuzijua hesabu hizi pasipo kuumia. Mtoto akionyeshwa jedwali zima, kuanzia moja mara moja mpaka kumi mara kumi, huona majibu mia moja akakata tamaa. Twashangaa kuona kwamba shule nyingine humwacha katika hofu ile, hali mzigo wenyewe ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Kwanza aonyeshwe kwamba sita mara nane na nane mara sita ni kitu kimoja. Mwalimu asiliseme kwa maneno tu. Atoke nje na watoto, wapande punje za mahindi safu sita, kila safu punje nane, kisha wote wazunguke wasimame upande wa pili. Safu zimekuwa nane zenye punje sita, na hakuna aliyeongeza wala kupunguza punje. Mara hiyo majibu mia yamekuwa hamsini na matano.

Pili, tuondoe yaliyo rahisi. Mara moja haina kazi. Mara kumi ni kuongeza sifuri. Mara mbili ni kujumlisha kitu na mwenziwe. Mara tano husomwa katika saa ya ukutani: mshale mrefu ukifika kwenye 7 ni dakika 35, ukifika kwenye 9 ni dakika 45, na mtoto ajuaye kusoma saa amekwisha kuijua mara tano bila kuambiwa. Mara tisa ni mara kumi ukipunguza moja: tisa mara saba ni sabini ukitoa saba, ndiyo 63. Tena atazame majibu yake, 18, 27, 36, 45, 54, 63, 72, 81. Tarakimu zake ukizijumlisha hupata tisa daima. Sababu yake tutaieleza mbele.

Yanayobaki baada ya hayo ni kumi na matano tu, nayo ni haya: tatu mara tatu 9, tatu mara nne 12, tatu mara sita 18, tatu mara saba 21, tatu mara nane 24, nne mara nne 16, nne mara sita 24, nne mara saba 28, nne mara nane 32, sita mara sita 36, sita mara saba 42, sita mara nane 48, saba mara saba 49, saba mara nane 56, na nane mara nane 64. Mtoto akishika moja kila siku ya shule, majuma matatu yatatosha. Lile la mwisho na alitazame katika bao la wazee: mistari minne yenye mashimo manane ni mashimo 32, na kila shimo likipewa kete mbili ni kete 64. Wazee wetu waichezao hawahitaji kufundishwa nambari hiyo. Hata rupia ya Wadachi, kabla ya kufanywa heller 100 kwa amri ya mwaka 1904, ilikuwa na pesa 64. Na katika heller hizo ndimo lilimotoka neno letu hela.

Vidole navyo vyafaa kwa yale yaliyo magumu, yaani sita mpaka tisa. Tutafute saba mara nane. Mkono wa kushoto kunja vidole viwili, kwa kuwa saba imezidi tano kwa mbili. Mkono wa kuume kunja vitatu, kwa kuwa nane imezidi tano kwa tatu. Vilivyokunjwa ni vitano, navyo ni makumi, yaani hamsini. Vilivyosimama ni vitatu huku na viwili huku. Tatu mara mbili ni sita. Jibu ni 56. Jambo hili si mchezo wa ajabu kwa watu wa lugha zetu, waliozoea tangu zamani kuhesabu kwa mkono mmoja kisha kuongeza wa pili. Kiswahili chenyewe, kabla ya kushika sita, saba na tisa za Waarabu, kilisema tandatu, fungate na kenda. Na neno fungate bado limo vinywani mwetu kwa zile siku saba za maarusi.

Sasa twaja kwenye vigawe. Majibu ya mara nne, yaani 4, 8, 12, 16, 20 na kuendelea pasipo mwisho, ndiyo vigawe vya nne. Jina hili ni la vitabuni, lakini kitu chenyewe ni cha kale. Bibi zetu wa pwani walipopima nafaka, vibaba vinne vilifanya pishi moja. Wenye maduka walipopima nguo, mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Vitu vya kuhesabu vilifungwa korja, ishirini ishirini. Mtu aliyeuziwa vibaba kumi na vinne alijua papo hapo kwamba pishi zake tatu zimekamilika na vibaba viwili vimebaki. Huko ndiko kuvitambua vigawe: kutazama nambari na kusema itagawika au haitagawika, kabla ya kuanza kazi ya kugawa.

Nambari ya mbili na ya tano hutambulikana kwa tarakimu ya mwisho, na kila mtu ajua. Kwa nne, tazama tarakimu mbili za mwisho tu, maana mia yenyewe ni nne mara 25, na mia zote hugawika. Ndivyo tunavyojua miaka yenye Februari ya siku 29: 2024 ulikuwamo, kwa kuwa 24 ni kigawe cha nne, na 2028 utakuwamo. Miaka ya mia kamili ina sheria yake, lazima igawike kwa 400. Kwa hiyo 1900 haukuwa mwaka mrefu bali 2000 ulikuwa. Na msomaji ataona kwamba uchaguzi mkuu wa nchi yetu, tangu 1965, umeangukia katika vigawe vya tano: 1970, 1975, 1980, hata 2020 na 2025.

Kwa tatu na kwa tisa, jumlisha tarakimu. Nambari 4,572 ina 4 na 5 na 7 na 2, jumla 18, na 18 ni kigawe cha tisa; basi 4,572 hugawika kwa tisa, kila fungu 508. Watoto wengi hushika kanuni hii kama uganga, wala hawaambiwi sababu yake. Sababu ni hii. Ndugu tisa wakirithi ng'ombe kumi, kila mmoja hupata mmoja, na mmoja hubaki. Wakirithi ng'ombe mia, kila mmoja hupata kumi na mmoja, na mmoja hubaki. Wakirithi elfu, kila mmoja hupata mia moja na kumi na mmoja, na tena hubaki mmoja. Basi kila elfu huacha ng'ombe mmoja, kila mia huacha mmoja, na kila kumi huacha mmoja. Katika 4,572, zile elfu nne zimeacha wanne, mia tano zimeacha watano, makumi saba yameacha saba, na wawili walikuwa pembeni tangu mwanzo. Wakusanye waliobaki, ni kumi na wanane, uwagawe tena: kila ndugu wawili. Hakuna aliyebaki na hakuna ugomvi. Na kwa kuwa tisa ni tatu mara tatu, kanuni hiyo hiyo huifaa tatu.

Kwa sita, nambari iwe shufwa na pia igawike kwa tatu. Kwa saba hakuna njia fupi ya kupendeza. Iliyopo ni kuitoa tarakimu ya mwisho, kuizidisha kwa mbili, na kuipunguza katika zilizobaki: 364 huwa 36 ukitoa 8, yaani 28, nayo ni kigawe cha saba. Hizo ndizo siku za majuma 52. Kwa sababu mwaka una siku 365, moja hubaki, na ndiyo maana tarehe 9 Desemba ilikuwa Jumatatu mwaka 2024 ikawa Jumanne mwaka 2025.

Kwa nane tutakaa kidogo, kwa kuwa yatufaa sokoni. Njia yake ni kugawanya nusu mara tatu. Tuseme mkulima ameleta mzigo wa kilo 67, na bei ni shilingi 800 kwa kilo. Mnunuzi abonyeza simu yake upesi, asema, "Shilingi 51,600." Mkulima hana simu mkononi, wala hawezi kuzidisha 67 kwa 800 kichwani kwa haraka. Lakini ajua kwamba jibu la mia nane lazima, likiondolewa sifuri mbili, liwe kigawe cha nane. Achukua 516. Nusu yake 258. Nusu yake 129. Hii ni witiri, haina nusu kamili. Basi 51,600 haiwezi kuwa kweli, hata kama mizani ilikuwa sawa. Aseme kwa adabu, "Mzee, tuhesabu tena." Jibu la haki ni 53,600: tena 536, nusu 268, nusu 134, nusu 67, na tazama, kilo zake zimerudi zenyewe. Kama mnunuzi angesema 52,800, nusu tatu zingetoka vizuri, lakini zingemletea 66, naye angejua kwamba kilo moja imeliwa. Hii ndiyo tofauti ya kujua kigawe na kujua jibu: nambari isiyogawika ni ya uongo kwa hakika, bali igawikayo bado yataka kuulizwa.

Twasikia vijana wakisema kwamba simu imekwisha kuondoa kazi hii. Simu huzidisha vema kile ilichoambiwa. Haimjui aliyebonyeza 645 badala ya 67 mara kumi. Wala haiingii katika mtihani wa darasa la saba.

Nchi hizi za Kanda ya Ziwa zina habari yao katika jambo hili, nayo yapasa ijulikane na vijana. Katika miaka ya 1950 wakulima wa pamba walikuwa na malalamiko makubwa juu ya mizani za wanunuzi. Hawakukaa wakinung'unika tu. Waliweka watu wao wenyewe wajuao kusoma mizani na kupiga hesabu, wasimame vituoni waone uzito na fedha ilipwayo. Katika harakati hizo vyama vya ushirika vikakua, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao mkubwa uitwao Victoria Federation of Co-operative Unions, ambamo Paul Bomani alikuwa kiongozi. Watu hutaja siasa za wakati ule, nao wana haki. Lakini pale kituoni kazi ya kila siku ilikuwa kilo na senti, yaani ratli za wakati ule, na mtu asiyejua hesabu za mara asingefaa kusimama pale. Hata leo mwenye kuuza kwa chama cha msingi, akipewa hati yake ya mauzo, aipitie mstari kwa mstari kabla ya kuikunja mfukoni.

Upande wa dhahabu mambo ni yale yale, ila vipimo ni vidogo na hasara ni kubwa. Wachimbaji wadogo wa Kahama na Geita huhesabu gramu moja kuwa pointi kumi. Basi anayenyimwa pointi tatu katika kila gramu, kwa gramu nane amepoteza pointi 24, yaani zaidi ya gramu mbili. Sonara naye hutaja karati, na dhahabu safi ni karati 24. Pete ya karati 18 ina sehemu 18 katika 24. Nambari zote mbili ni vigawe vya sita: sita mara tatu na sita mara nne. Kwa hiyo ni robo tatu. Pete hiyo ikiwa na uzito wa gramu nane, dhahabu safi iliyomo ni gramu sita, na mbili ni madini mengine. Anayelipa bei ya gramu nane za dhahabu safi amenunua shaba kwa bei ya dhahabu.

Liko jambo moja zaidi ambalo walimu hutuambia kuwa huwasumbua wanafunzi, nalo ni kigawe cha shirika. Mfano wake uko kijijini. Mtu ana zamu ya sungusungu kila siku ya sita, na zamu ya kulinda kisima kila siku ya nne. (Sungusungu, kama wazee wakumbukavyo, lilianza huku kwetu Kahama na Shinyanga mwanzoni mwa miaka ya 1980.) Je, zamu mbili zitamwangukia siku moja baada ya siku ngapi? Wengi husema 24, kwa kuwa nne mara sita ni 24. Siku ile zitakutana kweli, lakini hiyo ni mara ya pili. Andika vigawe vya sita: 6, 12, 18, 24. Andika vya nne: 4, 8, 12, 16, 20, 24. Vinakutana kwanza katika 12. Atakayengoja siku ya 24 ataitwa kwenye baraza la kijiji kujibu kwa nini siku ya 12 kisima hakikuwa na mlinzi, na kusema "nilizidisha" hakutamsaidia.

Kwa walimu twaomba jambo moja: wimbo wa asubuhi usiachwe, ila baada ya kuimba mtoto aulizwe kwa kuruka, na tena kwa kinyume. Asiulizwe tu saba mara nane. Aulizwe 56 imetoka wapi. Wako watoto wajuao kuimba jedwali lote kutoka juu hata chini, na ukiwauliza katikati hurudi kuanza mwanzo kama mtu aliyesahau njia.

Wasomaji na wajaribu haya, wala wasitumie simu. Shamba la hatua 140 kwa hatua 105 ni ekari ngapi? Mifuko 84 ya mawe ya dhahabu, je, yaweza kugawiwa sawasawa watu sita? Watu wanane je? Mnunuzi amelipa shilingi 43,400 kwa mzigo uliouzwa shilingi 800 kila kilo, na kilo zilikuwa kamili bila nusu. Malipo hayo yaweza kuwa sahihi? Na mzee mwenye ng'ombe 1,107 ataka kuwagawia watoto wake tisa: atabakiwa na ng'ombe wangapi? Majibu tutayatoa katika toleo lijalo.